Hongera za Uongo

Kila siku akirudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akanywa chai yake harakaharaka, kisha akasimama mlangoni kungojea furushi. Mama yake alikuwa dobi. Uani kwao kamba zilipita huku na huku, mashuka yakining'inia hata ukitaka kwenda chooni ilibidi uiname, na pasi ya mkaa ilikuwa haipoi tangu asubuhi. Mama alifua na kupiga pasi, Chiriku alipeleka nguo nyumba kwa nyumba. Na hilo jina la Chiriku hakupewa bure. Mdomo wake haukuwa na breki. Kila alipobisha, aliacha nguo na habari.

"Peleka nguo urudi," mama alimwambia kila siku. "Sijakutuma kutangaza."

"Sitangazi, mama. Najibu nikiulizwa tu."

Kaka yake aliitwa Daktari. Jina hilo alilipata angali mdogo, siku mama alipoungua mkono kwa pasi, naye akachana shati lake la shule na kumfunga. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Daktari, na mwenyewe akaamini. Alipokuwa anamaliza sekondari aliomba nafasi katika vyuo vikuu vitatu, vyote vya udaktari, vyote vyenye majina makubwa.

Matokeo yalipotoka yalikuwa ya wastani. C mfululizo, na B moja ya fizikia. Hakufeli, la, lakini vyuo vyote vitatu vilimkataa. Siku alipopata jibu la mwisho, Daktari aliingia chumbani akalala kaelekea ukutani. Chakula alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda. Mama alipiga pasi akijikaza kisabuni, na nyumba ikawa kama ina msiba.

Wiki hiyo hiyo Chiriku alibisha kwa Mama Mapazia. Huyu alikuwa mteja wao wa miaka mingi, mwenye nyumba ya madirisha makubwa na mapazia mazito ambayo kila mwisho wa mwezi yaliletwa kufuliwa. Binti yake alikuwa amesoma darasa moja na Daktari.

"Shikamoo mama. Mapazia mwezi huu hakuna?"

"Marahaba. Bado ni safi," alijibu upesi, ameziba mlango kwa mwili wake. Kisha akainua kidevu. "Wangu kapata daraja la kwanza, mwanangu! Na Daktari wenu je?"

Chiriku alimkumbuka kaka yake aliyelala kaelekea ukutani. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Naye la kwanza," akasema.

"Lo! Hongera zenu!"

Neno lilimtoka kirahisi, na hongera ile ikamwingia tamu. Nyumba ya pili alipoulizwa, akajibu vivyo hivyo. Ya tatu akatia chumvi: chuo kikuu kilikuwa kinamngoja kaka yake kwa hamu! Jamani, nani asiyejua utamu wa kusifiwa, hata kwa kitu ambacho si chako?

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mkufunzi, mzee mwembamba aliyefundisha katika chuo cha ufundi wa vifaa vya hospitali. Kazi yao huko ilikuwa kutengeneza mizani, taa za chumba cha upasuaji, mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua. Makoti yake meupe hayakukosa madoa ya grisi, na mama aliyasugua huku akimlaani polepole.

"Kaka yako kapata alama gani?" Mkufunzi aliuliza akipokea makoti. "Nauliza kwa sababu chuoni kwetu nafasi bado zipo mpaka mwisho wa mwezi. Sisi hatutafuti vichwa vya ajabu. Tunachukua wenye alama za kati, mradi fizikia iwe nzuri."

Moyo wa Chiriku uliruka. B ya fizikia! Alifungua mdomo aseme. Lakini kabla hajatoa sauti, jirani aliyekuwa anafagia upande wa pili akadakia, "Hee, Mkufunzi, hujasikia? Daktari kapata la kwanza! Chiriku mwenyewe ndiye katuambia."

Wote wawili wakamtazama. Chiriku akatikisa kichwa kukubali.

"Basi huyo si wa kwetu," Mkufunzi akacheka. "Mpe hongera zangu."

Alipofika njiani Chiriku alisimama. Angeweza kurudi. Mlango ulikuwa bado wazi, na mzee alikuwa bado anahesabu vifungo vya makoti yake. Lakini angemtazama vipi yule jirani? "Kesho nitamwambia," akajisemea. Kesho yake akasema kesho. Mwezi ukaisha hivyo.

Siku ambayo Daktari hatimaye alitoka nje, mtaa ulimpokea kwa shangwe. "Hongera, Daktari!" alisema fundi viatu. "Usitusahau huko chuo kikuu!" alisema muuza duka. Daktari hakujua habari hizo zimetoka wapi. Alidhani wanamsanifu. Alirudi nyumbani uso umemsawijika, na tangu siku hiyo akawa hataki kukutana na mtu yeyote wa mtaani, hata wale ambao wangeweza kumpa wazo la maana. Alianza kuondoka alfajiri kwenda ng'ambo ya mji, kwenye mashine ya kusaga kokoto, ambako hakuna aliyemjua kwa jina hilo.

Chiriku aliyaona yote. Usiku alijifunika shuka gubigubi, asimsikie kaka yake akikohoa vumbi. Alikuwa chiriku wa mtaa mzima, na neno moja tu lilimkwama kooni.

Siku moja mchana, wanaume wawili walimleta Daktari nyumbani kutoka zahanati, mkono umefungwa bandeji nene. Mkanda wa mashine ulikuwa umemnasa kidole cha shahada, ukakata ncha yake. Daktari hakulia. Alikaa kwenye kiti kidogo chini ya mashuka yaliyoanikwa, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Jioni hiyo hakuna aliyekumbuka kupeleka nguo, kwa hiyo Mkufunzi akafuata makoti yake mwenyewe. Alipomwona Daktari alishangaa.

"Ebo! Wewe si uko chuo kikuu? Umepatwa na nini?"

"Chuo kikuu gani, mzee?" Daktari aliuliza kwa uchovu. "Hata wewe unanicheka? Nilipata wastani. Walinikataa wote."

"Lakini dada yako alini..." Mkufunzi akaangaza macho uani.

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya shuka. Walimwona miguu tu. Shuka likaanza kutikisika, kisha akatoka, machozi yanamchuruzika.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaambia watu kapata daraja la kwanza. Mkufunzi akaniambia kuna nafasi, nikasikia, na sikusema. Niliona aibu. Kaka, ni mimi niliyekukata kidole."

Mama aliiweka pasi chini. Chiriku alingoja kofi, na kofi halikuja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Daktari aligeuza uso, akaomba aletewe maji. Chiriku alipomletea, aliyapokea kwa mkono mzima bila kumtazama.

Mkufunzi akavuta kiti. "Nafasi zimekwisha," alisema. "Majuzi tu ningekupokea kwa mikono miwili. Sasa ni kungoja mwaka mzima. Lakini hebu niambie, hivyo vyuo vitatu ulivyoomba, mwaka uliopita vilichukua wenye alama gani?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Niliogopa kuambiwa sifai."

"Kijana, wewe uliomba kwa jina la utani. Hukuomba kwa matokeo yako." Mzee hakusema kwa ukali. "Mtu anaanza na alichonacho. Una B ya fizikia, basi uliza chuo gani kinaitaka. Ukikipata, nenda ukakione kwa macho yako, uwaulize waliomaliza pale sasa wanafanya kazi gani. Usikiombe kimoja tu, na usikidharau kwa kuwa jina lake halijulikani."

Akatoa bisibisi mfukoni, akampa. Daktari aliishika, ikamponyoka. Akaiokota, akaishika kwa kidole cha kati.

"Hivyo hivyo," alisema Mkufunzi. "Mwaka ni mrefu. Jizoeze."

Na ulikuwa mrefu kweli. Daktari alimsaidia mama kukamua mashuka mazito, mkono ukimuuma kila kulipokuwa na baridi. Mkufunzi alimletea mizani mbovu, naye Daktari akaifungua na kuifunga. Alikwenda mwenyewe kuvitazama vyuo vitatu vya ufundi, akauliza maswali bila kuficha alama zake, akaomba vyote. Viwili vilimkubali, kimoja kikiwa cha Mkufunzi. Kwenye usaili hakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

"Wastani, kama kawaida yangu," alisema, akacheka. Chiriku alikuwa amesahau sauti ya kicheko hicho.

Siku alipoondoka na sanduku lake, mama alimwita Chiriku karibu na meza ya pasi.

"Sikiliza, mwanangu. Na mimi nina kosa. Watu walinipa hongera, nikanyamaza, sikuuliza zimetoka wapi. Lakini kumbuka hili. Alama za kaka yako hazikuwa aibu, zilikuwa ukweli, na kuna mtu alikuwa anautafuta ukweli huo ili amsaidie. Wewe ukaufunika. Ukimfichia mtu shida yake, unamfichia na msaada wake. Mwaka wake hautarudi, na kidole hakitaota. Ukiulizwa, sema kilichopo."

Kisha akampa furushi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Mapazia. Madirisha yake yalikuwa yamefungwa kama mwaka mzima uliopita, na mapazia hayajaja kufuliwa hata mara moja, naye mwenyewe siku hizi hakukaa barazani na majirani kusikia habari.

"Na Daktari wetu, chuo kikuu anaendeleaje?" aliuliza, ameziba mlango.

Chiriku akaliweka furushi chini.

"Hayuko chuo kikuu, mama. Nilikudanganya. Alipata wastani, C tupu na B moja. Leo ndiyo kaenda chuo cha ufundi wa vifaa vya hospitali. Huko wanachukua wenye alama za kati."

Kidevu cha Mama Mapazia kilishuka. Alichungulia njia, huku na huku, kisha akauachia mlango. Ndani kulikuwa giza, na kwenye kiti cha pembeni alikaa binti yake, amekonda, magoti kifuani.

"Na huyu alipata hivyo hivyo," mama yule alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi niliyeanza kudanganya. Mwaka mzima hajatoka nje."

Akaenda dirishani, akapanda juu ya kiti, akaanza kuyatoa mapazia moja moja. Mwanga ukaingia, vumbi likaruka, binti akafunika macho kwa kiganja.

"Mpelekee mama yako, yamechafuka," alisema, akimtupia Chiriku mapazia mikononi. "Lakini kwanza kaa hapo, umwambie mwenzako. Hicho chuo kiko wapi?"