Hodi ya Nyumba Isiyo na Paa

Alasiri ilipoanza kulegea, Bwana Kamaludin, mpima ardhi mstaafu, alikuwa amebakisha kupima nyumba moja tu kati ya kumi na tisa zilizofukuliwa katika magofu ya mji wa kale kisiwani Pate. Mkewe, Bi Safaa, alimngoja nje ya ukuta.

"Bwana, maji yapwa. Mashua haitatungoja."

"Dakika kumi."

"Hesabu zako! Ulisema hivyo nyumba tatu nyuma."

Akacheka. Kwa kumtania, akasimama kizingitini kama mgeni mwenye adabu zake. "Hodi wenyewe!"

"Wabisha hodi nyumba isiyo na watu?" Safaa alimaka.

"Karibu," ikaitika sauti ya mwanamke kutoka ndani.

Kamaludin alidhani ni mlinzi wa magofu, akaingia. Milango mitatu, hatua ishirini na sita. Hapakuwa na mtu.

Akageuka kutoka. Mlango wa kwanza. Wa pili. Wa tatu...

Wa nne.

Akahesabu upya, kidole ukutani. Wa tano. Wa sita. Chokaa ilikuwa mbichi, kana kwamba imepakwa asubuhi ile. Moshi wa udi ukamkaba. Akainua macho kutafuta anga, akaona boriti za paa lililokwisha kuanguka zamani.

Kwa mbali, kama kutoka kinywa cha kisima, Safaa aliita: "Bwana! Mashua yaondoka!"

"Mbona wenda mapema?" Sauti ile... nyuma ya shingo yake.

Ndipo alipoelewa. Alibisha, akakaribishwa. Na mgeni haondoki ila kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

"Nipe ruhusa, Bi," alinong'ona. "Mke wangu angoja."

Akatoa kidole ukutani, akainamisha kichwa.

"Ruhusa unayo."

Mwanga ukachomoza mbele. Akaukimbilia, na ulimi uliolelewa kwao Amu miaka sitini na minane ukaikamilisha adabu wenyewe: "Ahsante. Nawe karibu kwetu."

Alipomsimulia Safaa mashuani, mkewe alifunika uso kwa buibui.

Tangu hapo, kila alasiri, hodi tatu zilibishwa mlangoni mwao, na harufu ya udi ikapenya chini ya mlango. Hawakuitika. Mgeni asiyeitikiwa mara tatu hurudi kwao, naye alirudi. Siku arubaini. Hodi mia na ishirini.

Siku ya arubaini na moja Safaa alikuwa jikoni akikuna nazi, mawazo yake yote yamo chunguni.

"Hodi."

"Karibu," akaitika, kwa mazoea.

Kifuu kikamponyoka.

Komeo likasogea. Ukumbini, Kamaludin alifumba macho akahesabu nyayo zikiingia, moja moja, hadi zikakoma kando ya kiti chake.

Mwenye nyumba hamfukuzi mgeni. Na hadi leo, mgeni hajaomba ruhusa.