Kisu cha Sita cha Gasper

Tairi la mbele liliinuka, likaiacha ardhi, na Gasper akajikuta anatazama mawingu mahali palipopaswa kuwa na njia.

"Mama, ruka!" akapiga kelele.

Mama hakuruka. Angerukaje, naye alikuwa kule nyuma kabisa juu ya keria, gunia zima la mihogo mikavu likiwa katikati yao?

Gunia hilo, jamani, ndilo lililowaponza. Oliva alikuwa mama mkwe wake Gasper, na kwao Mkunya mama mkwe hamsogelei mkwewe ovyo: hali naye sahani moja, hamtazami machoni, sembuse kumkumbatia kiunoni juu ya pikipiki mchana kweupe. Alikuwa amekaa Masasi siku arobaini akimsaidia binti yake Agatha kulea mtoto wa kwanza, Danieli. Asubuhi hiyo basi la Newala liligoma kuwaka, na Agatha akamwambia mumewe maneno manne tu: "Mfikishe mama yangu salama." Basi wakatafuta kitu cha kuwatenganisha. Gunia likapatikana, heshima ikalindwa, na uzito wote ukaenda nyuma. Kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari. Lakini walipoanza kupandisha mlima wa kuelekea uwanda wa juu, kwa njia ya mkato ambayo hata mbuzi huipanda kwa kupumzika, pikipiki ilisimama wima, ikapinduka, ikawabiringisha wote hadi chini korongoni.

Gasper aliinuka kwenye mchanga akitema majani. Bega lake la kulia lilikuwa limechomoka. Mkono ulining'inia, haumsikii. Mbele yake pikipiki ilikuwa imelala ubavu katikati ya mkondo mkavu, na kando yake, amekaa kitako, kilemba bado kichwani, alikuwa Mama Oliva.

"Umeumia, mama?"

"Sijui. Mguu siuoni." Akavuta. "Kitenge kimeliwa na mnyororo, Baba Danieli."

Kweli kilikuwa kimeliwa. Alikuwa amejifunga vitenge viwili juu ya gauni kwa ajili ya safari, fundo la kukaza kweli kweli, na vyote viwili vilikuwa vimezungushwa kwenye mnyororo hadi vikawa kamba moja nene iliyombana pajani. Fundo lenyewe lilikuwa chini ya injini. Gasper alijaribu kuinua pikipiki kwa mkono wa kushoto, ikamtazama tu. Alijaribu kurudisha tairi nyuma, likakataa. Kinga ya mnyororo ilikuwa imepinda na kulikaba.

Ndipo Mama Oliva akainua kidole. "Sikiliza."

Huku chini jua lilikuwa linawaka. Lakini juu, upande wa Newala, mbingu ilikuwa nyeusi ti, na mvua ya kwanza ya Desemba ilikuwa inamwagika huko. Kutoka ndani ya korongo ulikuja mchakacho mwembamba wa majani makavu yanayosukumwa. Kisha ulimi wa maji ya kahawia ukajitokeza kwenye kona, ukapita katikati ya miguu ya Gasper bila haraka.

"Maji yanashuka," alisema Mama Oliva. "Huwa yanaanza hivihivi, kwa adabu. Halafu yanakuja mengine."

Gasper aliingiza mkono mfukoni, akatoa kisu.

Sasa hiki kisu lazima nikieleze, maana mwenyewe angeweza kukieleza hadi chai ipoe. Gasper alikuwa fundi wa visu pale Masasi, na hiki kilikuwa kisu cha kukunja, kirefu kama kidole cha kati, mpini wa mpingo, bapa la chuma cha msumeno chakavu. Hakikuwa na kufuli. Springi nyembamba ya mgongoni ndiyo iliyokishikilia: ukikifungua kinalia tak! katikati, na tak! tena kikifika mwisho. Alikuwa amekisanifu mara tano akakitupa mara tano. Hiki cha sita alikipenda mno. Mama mkwe wake alipokiona mara ya kwanza alimuuliza Agatha, kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Kisu gani kinaingiza kichwa ndani kama kobe?"

Tatizo ni kwamba kobe huyu alihitaji mikono miwili. Mmoja ushike mpini, mwingine uingize ukucha kwenye kijimfereji cha bapa na kuvuta. Gasper alikuwa na mkono mmoja. Alikibana kwa magoti, kikateleza. Alikibana kwa meno, kikalowa mate. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Lete," alisema Mama Oliva.

Akakitia vidoleni, akavuta. Akavuta tena. Ncha za vidole vyake zilipita juu ya kijimfereji bila kushika chochote. Miaka thelathini alikuwa amebangua korosho, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemla kucha hadi kwenye nyama, vidole vikabaki laini kama kokoto za mtoni.

"Kinataka kucha," alisema. "Mimi kucha nizitoe wapi?"

Gasper aliona aibu iliyomchoma kuliko bega. Springi ile aliikaza makusudi, kwa kuwa wateja waliupenda mlio wake.

Maji yakapanda hadi kiunoni mwa mama aliyekaa. Gogo likapita. Pikipiki ilisogea kidogo ikamvuta, naye akatoa sauti ambayo Gasper hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeogopa.

"Nimebakiwa na meno ya mbele," alisema upesi. "Wewe shika mpini. Kaza. Na geuza uso, tafadhali."

Gasper alipiga magoti majini, akakaza ngumi, akageuza uso akatazama mti. Alihisi pumzi ya mama mkwe wake kwenye vidole vyake, kisha kidevu chake, kisha meno yakikwaruza chuma. Kama kuna mkwe aliyewahi kutazama mti kwa bidii kama ile, sijamsikia.

Tak!

"Nusu!" akapiga kelele. "Tena, mama!"

Tak!

"Haya, kata mwanangu, kata!"

Mwanangu. Hata katikati ya mafuriko alilisikia. Mama Oliva alishika kitenge kwa mikono yote miwili akakivuta kikanyooka, na Gasper akazamisha kisu chini ya maji yasiyoonyesha kitu. Alikata kwa kuvuta tu, kila mara kuelekea kwake. Angesukuma, bapa lingejikunja na kumla vidole. Uzi ulikatika, ukafuata mwingine. Ncha iligonga mnyororo, bapa likatikisika, akadhani linajikunja. Springi ikashika. "Ahsante, kaza hivyohivyo," alikiambia kisu, kama mtu anayeongea na punda.

Kitenge cha kwanza kiliachia. Cha pili kikapasuka chenyewe kwa nguvu za mama. Mama alichomoka, akamkamata Gasper mkanda wa suruali, akamburuta hadi ukingoni, heshima ikisubiri zamu yake. Walipogeuka, pikipiki ilikuwa inaondoka na maji, ikifuatwa na gunia la mihogo.

Walikaa juu ya jiwe wakihema. Halafu Mama Oliva alianza kucheka. Alicheka hadi kilemba kikamwanguka, na Gasper akacheka akishikilia bega, kila kicheko kikimuuma na kumfanya acheke zaidi.

"Nimekuuma kidole?"

"Mara mbili, mama."

"Samahani. Kilikuwa na ladha ya grisi."

Mguu wa mama ulikuwa umekufa ganzi, lakini haukuvunjika. Alifunga mkono wa Gasper kifuani kwa kipande cha kitenge, wakaanza kupanda, yeye akiegemea bega zima la mkwewe, bila gunia wala nini. Njia hawakuiona. "Tufuate mti wenye majani mabichi kuliko mingine, hapo ndipo penye chemchemi," alisema. "Penye chemchemi pana wanawake, na penye wanawake pana njia ya Mkunya." Walitembea saa mbili, wakipumzika kila hatua ishirini. Katikati walikuta mkorosho ulioachwa, mabibo mekundu yamejaa chini. Gasper aliyakata vipande, wakala kutoka jani moja, juisi ikiwachuruzika hadi viwikoni. Jani likawa sahani yao moja.

Chemchemini walikuta wanawake wanne wenye ndoo. Aliyewaona kwanza alikuwa Hajira, jirani wa Mama Oliva.

"Weee! Bibi Danieli! Mmetokea wapi, na kitenge kiko wapi?"

"Shikamoo mama," alisema Gasper, akijaribu kusimama wima.

"Marahaba, baba. Kaa kabla hujaanguka."

Hajira alimpigia simu Agatha. Sauti ilitoka kwa nguvu hivi kwamba wote waliisikia: "Mama yangu yuko salama?" Mama Oliva alichukua simu mwenyewe. "Niko salama. Nimeletwa na mwanangu." Upande wa pili kikatoka kilio, kisha kicheko, na mtoto Danieli naye akaamka akajiunga.

Kisu kilizungushwa. Hajira akajaribu kukifungua, akashindwa. Akashindwa wa pili, na wa tatu, na wa nne. Wote walikuwa wabanguaji. Waliangua vicheko, wakaonyeshana vidole vyao visivyo na kucha, wakamwonyesha na fundi.

Gasper aliwatazama wale wanawake, vidole vile vyote vimenyooshwa mbele yake.

"Nilikitengeneza kwa vidole vyangu mimi," alisema taratibu. "Sikuwahi kuuliza vya mtu mwingine."

Alichukua kijiti kwa mkono wa kushoto, akachora kisu kwenye udongo wenye unyevu. Hajira alisema mganga wa mifupa aitwe kwanza, lakini fundi hakusikia. Alichora mpini wenye pengo la nusu duara pande zote mbili, mahali ambapo bapa lingebaki wazi, mtu alibane kwa dole gumba na kidole na kulivuta, bila ukucha wala jino.

Mama Oliva aliinama karibu, bega kwa bega naye, akaweka vidole vyake viwili juu ya mchoro kupima.

"Hapa panabana. Panua kidogo, mwanangu."

Gasper akapanua.