Mwizi Aliyepaka Bolti Grisi

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, Gwenda Trezise alifungua boneti ya gari lake, Holden ya mwaka 1964, ili aangalie maji, akakuta pengo pale pampu ya maji ilipokuwa. Hakupiga kelele. Alifunga boneti, akaifungua tena labda macho yamemdanganya, kisha akaingia jikoni akampigia simu polisi.

Polisi wa mji mdogo wa Nankivell ni mmoja tu, Sajini Noelene Prideaux, na kesi yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya kondoo dume aliyeingia benki. Aliposikia neno wizi aliacha mkate wake mezani. Saa moja na nusu alikuwa amesimama ndani ya banda la Gwenda, kofia mkononi, na furaha ambayo hakutaka ionekane.

"Pampu yenyewe ilikuwa mpya?" aliuliza.

"Mpya kabisa. Niliisubiri miezi miwili, nikaifunga mwenyewe Jumatano. Duka gani litaniuzia nyingine leo Jumamosi? Hili gari lina umri wa kuwa na wajukuu."

"Mara ya mwisho kuiona?"

"Jana jioni, kabla sijaenda klabuni kula samaki. Nilirudi saa tatu nikaenda kulala, sikuingia humu. Na usiniulize habari za kufuli. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua, mji mzima unajua."

Noelene aliinama kwenye gari. Alikuwa ametegemea kuona mipira iliyokatwa na maji yaliyomwagika. Haikuwa hivyo. Mkanda wa feni ulikuwa umetundikwa msumarini. Maji ya rejeta, yale ya kijani yenye dawa, yalikuwa yamekingwa kwenye beseni, beseni likafunikwa ubao, na juu ya ubao yakawekwa matofali mawili. Na pale mezani palikuwa na kipande cha boksi lililochorwa umbo la pampu kwa penseli. Bolti zote zilikuwa zimechomekwa kwenye huo mchoro, ndefu mahali pa ndefu, fupi mahali pa fupi. Noelene aligusa moja, akanusa kidole. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, kisha ikapakwa grisi.

"Ni wewe uliyezipanga hivi?"

"Mimi bolti zangu naziweka kwenye kibati chenye matundu cha kuokea keki ndogo," Gwenda alisema. "Kila tundu na bolti yake. Nilidhani mwizi ananikejeli."

Kisha akakaa juu ya gurudumu la akiba, uso umemsawijika. Mwanamke huyu wa miaka sitini na tisa alikuwa amejifunza ufundi tangu mumewe afariki, akafungua injini akaifunga, akabadilisha breki zote nne, na Noelene hakuwahi kumwona amekaa namna ile.

"Nitakuambia kitu, mwanangu, na kisitoke humu," alisema. "Kijana wangu Craig anataka niuze nyumba nihamie kwake jijini Adelaide, kwenye vile vyumba vya wazee. Anasema siwezi kuishi peke yangu. Tukabishana hadi tukachoka, mwisho tukakubaliana. Kesho mjukuu wangu anabatizwa kule. Nikifika kwa gari hili, nililolitengeneza kwa mikono yangu, hatalitaja tena jambo hilo. Nisipofika, Jumatatu natia saini kwa dalali."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ni aibu, mama mzima kuwekewa mtihani na mwanawe."

Craig mwenyewe alikuwa jikoni, anakunywa kahawa akiwa bado na nguo za kulalia. Alifika kwa basi Ijumaa saa moja jioni ili kesho yake kutwa asafiri na mama, mama akiwa klabuni. Alikuwa peke yake nyumbani kwa saa mbili nzima, na hakuna mtu mjini mwenye sababu kubwa kuliko yake. Noelene aliona kwamba ndiye, na akajisikia vibaya kwa ajili ya Gwenda.

"Jana usiku uliingia bandani?"

"Sajini, mimi nauza bima. Nikaingie huko kufanya nini?"

"Kuhakikisha mama hasafiri."

Craig aliweka kikombe chini. "Nataka mama awe karibu yangu, ndiyo. Lakini simwibii mama yangu."

"Haya. Nifanyie hisani basi. Niletee kutoka bandani spana ya nusu inchi, ile ya pete."

Alikwenda. Alikaa huko muda mrefu, vyuma vikasikika vikianguka. Aliporudi alikuwa na koleo.

"Hii?" aliuliza.

Noelene alilitazama lile koleo, akamtazama mwenye koleo, akamwondoa kwenye orodha yake. Huyu asingeweza kufungua chupa ya jemu bila msaada, sembuse pampu.

Akaenda kwa Kym Hosking, upande wa pili wa barabara. Kym alikuwa na Holden kama ile, na mbele ya klabu nzima alikuwa amemwomba Gwenda amuuzie pampu yake, akakataliwa, watu wakacheka. Jana aliondoka klabuni kabla ya bahati nasibu ya nyama, ambayo mshindi wake huondoka na trei ya nyama, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi.

"Najua umekuja kwa nini," Kym alisema, mikono yake imejaa masizi. "Habari imeshafika hadi kwa muuza mikate. Fungua boneti utazame."

Pampu ya Kym ilikuwa kuukuu, imeota kutu, na maji yalikuwa yanachuruzika hadi sakafuni.

"Ningekuwa na ya Gwenda ningekuwa nimeshaifunga, si ndiyo? Jana niliondoka mapema kwa sababu nilimwacha mke wangu nje anasukuma gari lililozimika."

Noelene alitazama huku na huku. Gereji ya Kym ilikuwa balaa tupu. Bolti, nati, misumari na hata kijiko vilikuwa ndani ya ndoo moja.

"Ukifungua kitu, unajuaje bolti ipi inarudi wapi?"

"Nabahatisha," Kym alisema bila haya. "Halafu zinabaki nne, nazitia ndooni. Na kwa Gwenda mimi siingii tangu yule mbwa wake Pikelet aning'ate. Angekunywa haya maji ya kijani nisingelia."

Sentensi hiyo ya mwisho Noelene aliondoka nayo. Maji ya rejeta ni matamu, mbwa huyapenda, nayo humuua. Mtu aliyefunika lile beseni kwa matofali alikuwa anamwibia Gwenda huku anamlindia mbwa wake.

Nyumba ya tatu ilikuwa nyuma ya uzio wa Gwenda. Hapo aliishi Alwyn Rodda, fundi mstaafu wa mitambo ya ghala la ngano. Ndiye aliyemfundisha Gwenda tangu siku ya kwanza. Noelene alikwenda kumuuliza tu kama alisikia chochote. Alwyn alikuwa kwenye kibaraza, mashine ya kukatia majani imefunguliwa mbele yake.

"Sikusikia kitu," alisema. "Klabuni sikwenda, goti linanisumbua. Gwenda anasemaje?"

"Ana majonzi."

"Hajasema aitwe mtu wa kumsaidia?"

"Ameniita mimi."

"Wewe," Alwyn alisema, na sauti yake ikashuka. "Ndiyo. Polisi."

Noelene alikuwa anatazama meza. Bolti za ile mashine zilikuwa zimechomekwa kwenye mfuniko wa boksi la viatu, kila moja mahali pake, na pembeni pana mchoro wa penseli. Alimshukuru mzee akaondoka, na safari hii hakuwa na furaha ya kesi hata chembe.

Saa tano aliwakusanya wote wanne bandani. Kym alikuja na kiti chake, hakutaka kukosa.

"Mwizi wa kawaida anakata mipira na kukimbia," Noelene alianza. "Huyu alikinga maji, akamfikiria mbwa, akasugua bolti na kuzipaka grisi. Grisi ya nini? Ili zisisumbue wakati wa kufunga. Na bolti alizipanga zisichanganyike. Mwizi hajali pampu itafungwaje tena. Kwa hiyo aliyeichukua alikusudia kuirudisha, na alitaka awe yeye wa kuifunga. Craig hajui spana. Kym angezitia ndooni. Mzee Alwyn, iko wapi?"

Alwyn hakubisha. Aliingiza mkono kwenye mfuko mkubwa wa koti lake akatoa pampu, imezungushiwa kitambaa safi.

"Nilikuwa nimekuja nayo," alisema. "Tangu asubuhi natafuta pa kuitolea."

"Alwyn," Gwenda alisema. "Kwa nini?"

"Miaka miwili nilikuja hapa kila jioni. Ulikuwa unaniuliza hiki ni nini, kile kinafungwaje, tunakunywa chai. Halafu ukajua. Wiki ya tatu sasa hujaniita. Nikafikiri, ikikosekana pampu ataniita. Nitasema nina nyingine stoo, nitaifunga, tutakunywa chai. Wewe ukaita polisi."

Kym aliangua kicheko, akakikatisha Noelene alipomtazama.

Gwenda alikuwa amekuwa mwekundu. "Unajua ulichotaka kunifanyia? Nisipofika Adelaide kesho nahama hapa. Nyumba inauzwa."

Alwyn alimtazama Craig, kisha Gwenda. "Hukuniambia. Ningejua ningelala humu bandani na rungu, asiguse mtu."

Ni kweli, Gwenda hakumwambia. Alichukua pampu mikononi mwake, akaigeuza, akaikagua.

"Lete kiti ukae," alisema mwishowe. "Utanipa spana. Lakini ukigusa bolti hata moja nitakupiga nayo. Ni lazima nifunge mwenyewe."

Akaifunga. Alwyn alimpa spana kabla hajaombwa, na hakukosea hata moja. Craig alisimama mlangoni muda wote, akimtazama mama yake akikaza bolti kwa zamu, huku na huku, gaskiti ya kuzuia maji ikae sawa. Injini ilipowaka, aliinama kutafuta tone la maji chini ya gari, hakuliona.

"Mama, nitampigia dalali simu sasa hivi," alisema.

"Usimpigie. Sijafika."

Jumatatu asubuhi Gwenda alikuja kituoni kufuta malalamiko yake. Noelene alimtolea kiti, akamuuliza habari za safari.

"Nzuri. Alwyn alikaa nyuma na Pikelet, akaimba hadi kanisani. Sindano ya kipimo cha joto la injini haikusogea."

"Na Craig?"

"Alikaa mbele, karibu yangu. Mkono kwenye mlango, macho kwenye sindano, kila kona anavuta pumzi." Gwenda alivaa glavu zake taratibu. "Tulipopita mji wa Port Wakefield, bado saa nzima ya njia, nikamsemesha, kimya. Nikageuka nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi. Nilimwamsha mlangoni pa kanisa."