Kikasha cha Bibi Elza

Kuku ndio waliojua kwanza. Walikuwa wamezoea kutaga chini ya kitanda cha Mwantumu, lakini tangu kile kikasha kiingie chumbani walikuja hadi mlangoni, wakanyoosha shingo, wakageuka. Mwantumu alicheka tu. Alidhani wamechukizwa na marashi.

Miaka hiyo reli ya Wadachi ilikuwa imeshafika Korogwe, na kando ya mto Pangani mkonge ulipandwa mpaka macho yachoke. Rehani, mume wa Mwantumu, alikuwa mnyapara katika shamba moja la Mdachi. Mke wa Mdachi huyo, Bibi Elza, alikuwa na kabati la vioo lililojaa vikasha vya kauri kutoka Ufaransa, vidogo, kila kimoja na umbo lake: tunda, kiatu, njiwa, gari la farasi. Alivikusanya tangu usichana wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa hata kwa kuvipangusa vumbi. Kwa hiyo Mwantumu alipojifungua mtoto wa kiume, Bibi Elza akaja mwenyewe kumpongeza na kikasha mkononi, majirani wote walitoka kutazama.

"Pokea," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Pokea kwa furaha. Sema umefurahi."

"Nimefurahi, Bibi."

Bibi Elza akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akaondoka bila kumtazama mtoto.

Kikasha kilikuwa na ukubwa wa yai la bata, cheupe, kimechorwa ndege wa buluu, na kifungo chake cha shaba kilitengenezwa mfano wa nyuki. Fatu, mke mwenziwe Mwantumu, alikitolea macho. Alikuwa na mimba changa, yake ya kwanza, na wake hao wawili hawakuwa wakipatana. Kila mmoja na jiko lake, kila mmoja na maneno yake.

"Kila kizuri lazima kiwe chako," Fatu alisema.

"Kizuri hiki nimepewa mimi."

Mwantumu alikifunga kikasha, na kila alipoamka alikikuta wazi. Chumba kikaanza kunuka waridi, kisha waridi lililooza ndani ya maji. Mtoto, Semboja, ambaye alikuwa ameanza kutambaa na kucheka na kila mtu, akaacha kucheka. Siku moja ndani ya kikasha mlikuwa na nywele laini za mtoto, zimeviringishwa vizuri kama uzi. Siku nyingine mlikuwa na ukucha.

"Panya," alisema Rehani, lakini hakumtazama mkewe usoni.

Kisha likaja jino. Jino la kwanza la Semboja, lile lililoota juzi na kushangiliwa na nyumba nzima, lilikuwa limelala juu ya ua lililochorwa ndani ya kikasha. Mwantumu alipofungua kinywa cha mtoto aliona ufizi laini, mzima, bila tone la damu, kana kwamba halijapata kuota jino pale.

"Namrudishia mwenyewe," alisema.

Rehani akamshika mkono. "Taratibu, mke wangu. Kumrudishia bibi wa Kizungu zawadi yake ni kumtukana. Nitalazwa chini nichapwe viboko hamsa ishirini."

"Na mwanao?"

Rehani akachukua kofia yake, akatoka.

Adhuhuri moja, jua liko utosini na watu wote wako shambani, Mwantumu alisikia sauti kitandani. Ilikuwa sauti ya kike, ya upole, ya mgeni aliyekaa sana.

"Nigawe, Mwantumu. Nimeichoka nyumba hii. Nigawe, nami nitamwacha huyu."

Alimnyakua mtoto akatoka mbio, na tangu hapo hakumlaza tena ndani.

Alikwenda hadi upande wa Handeni kwa mganga Mhina, Mzigua aliyesifika kwa kusema na majini. Mhina alikinusa kikasha, akakiweka chini haraka.

"Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, lakini kitu chako ondoka nacho. Jini huyu husafiri kwa zawadi. Haibiwi, hatupwi. Anakwenda kwa yule tu anayempokea kwa furaha."

"Nikikivunja, mgosi?" aliuliza, akimwita mzee kwa lugha ya huko.

"Atamshika aliyemvunja, huyo mmoja, mpaka kaburini. Una mtu anayekitamani?"

"Mke mwenzangu. Lakini ana mimba."

"Ndiyo maana atapendezwa naye," alisema Mhina kwa sauti ya chini. "Mpe, utapona."

"Basi sitampa."

Mganga akakisukuma kikasha kwake kwa mguu. "Mimi sina dawa ya mtu mbishi."

Aliporudi Korogwe hakupitia nyumbani. Alipanda ngazi za mbele za nyumba ya Wadachi, zile ambazo Mwafrika hakukanyaga, akamkuta Bibi Elza mbele ya kabati lake. Yule mama alipoona kilichomo mkononi mwake alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kioo.

"Ulijua," alisema Mwantumu.

"Dada yangu alinipa. Mimi sikujua. Nilizika mtoto, Mwantumu." Akafumba macho. "Mpe mwingine. Tabasamu, mpe. Ni rahisi."

"Kwako wewe ni rahisi."

Nyumbani, Fatu alimngoja uani, mikono juu ya tumbo. Safari hii hakusema kwa kejeli. "Dada, kama hukitaki tena, nipe mimi. Nitakuwa na cha kumwonyesha mwanangu."

Semboja alikuwa mgongoni mwa mama yake, mwepesi kama kapu tupu. Neno moja tu lilitosha. Mwantumu alihisi kikasha kikipata joto kiganjani, na nyuki wa shaba akijifungua mwenyewe, taratibu, kama aliyesikia jina lake.

"Keti," alisema. "Nikuambie kwanza."

Alimwambia yote, akamwonyesha jino. Fatu alisikiliza, akainuka, akaingia ndani. Mwantumu alidhani amekimbia. Akakivingirisha kinu katikati ya ua, akatia kikasha, akashika mchi. Ndipo Fatu alipotoka na mchi wa pili.

"Rudi ndani. Mganga kasema atamshika aliyevunja, mmoja."

"Basi tumchanganye," alisema Fatu. "Twanga."

Wakatwanga kwa kupokezana kama watwangao mahindi, huyu akiinua, yule akishusha, na mara ya kwanza kauri haikuvunjika bali ililia, kilio chembamba cha mtoto mchanga kilichopanda kutoka kinuni na kuwaingia menoni, nao wakazidisha, jasho likawatiririka, na kauri ilipopasuka jua lilikuwa palepale juu yao lakini ua ukaingia kiza, harufu ya waridi lililooza ikawajaa puani na kooni mpaka wakashindwa kupumua, na kitu kisichoonekana, baridi kama tumbo la chura, kikawa kinapita shingoni kwa mmoja na kwenda kwa mwingine, kikipapasa, kikitafuta, kikirudi, na sauti ile ya upole haikuwa ya upole tena.

"Nani kanivunja?"

"Mimi," alisema Mwantumu.

"Mimi," alisema Fatu.

"Fatu, sema ni yeye, nami sitaigusa mimba yako."

Fatu alishika tumbo kwa mkono mmoja na mchi kwa mwingine. "Ni mimi."

"Mwantumu, sema ni yeye. Nitamrudishia mwanao kicheko, nitamrudishia jino."

"Ni mimi! Na kama huna macho, uliza tena!"

Michi ikashuka pamoja. Kinu kikapasuka toka juu hadi chini, na upepo ukatoka humo, ukazunguka ua mara nyingi kama mbwa aliyepoteza bwana wake, ukaenda zake kuelekea kwenye vilima, upande wa nyumba ya Wadachi.

Walipotazamana, nywele zao za mbele zilikuwa nyeupe. Unga wa kauri waliumwaga mtoni. Semboja akaota jino jipya, na Fatu alizaa binti mwenye sauti kubwa. Habari hiyo hawakuificha. Waliisema kisimani, wakaisema sokoni, kwa kila mwanamke aliyekuwa tayari kusikia.

Bibi Elza alipoamua kurudi kwao, alifika stesheni na kapu la vikasha vyote vilivyobaki. Wauza ndizi na maziwa walikuwa wamejaa. Alimfuata Serafina, mama wa Kikristo kutoka Vugiri, akamnyooshea njiwa wa kauri huku akitabasamu.

"Zawadi ya kwaheri. Pokea kwa furaha."

Serafina akaweka mikono nyuma. Bibi Elza akamgeukia mwingine, naye akaweka mikono nyuma. Na mwingine, na mwingine, mpaka stesheni nzima hapakuonekana mkono wa mwanamke.

"Pokeeni!" askari akafoka, akiinua kiboko. "Bibi anawapa!"

Hakuna aliyetikisika. Kiboko kilimshukia Serafina begani. Hakutoa mikono yake mgongoni.

Mwantumu na Fatu wakapita mbele, bega kwa bega.

"Safari njema, Bibi," alisema Mwantumu. "Nenda navyo."

Bibi Elza alipanda, akaketi dirishani na kapu mapajani, uso umekuwa rangi ya jivu. Waliokuwa karibu walisikia vifuniko vidogo vya kauri vikifunguka na kujifunga, kimoja baada ya kingine, na garimoshi lilikuwa bado halijaondoka.