Kipimo cha Pili cha Eufrazia

"Leodegar, mwanangu, umerogwa?" Mama Auleria alitua sinia la ndizi mezani kwa kishindo. "Msichana ana sukari kwenye damu, nawe unataka kumleta humu ndani!"

Na Eufrazia mwenyewe alikuwa pale pale, kakaa mkekani, anasikia kila neno. Kuna watu jamani, wanakusema mbele yako kama vile umeshatoka.

Hapo ni Temeke, mwaka wa hamsini na tano. Leodegar, kijana wa Bukoba, alikuwa mpima damu kwenye zahanati. Eufrazia, binti wa Masasi, alikuwa mwalimu. Ndoa yao ilikwishatangazwa kanisani Jumapili mbili, ikabaki moja. Jumanne Eufrazia akapimwa afya ili apate kazi shule mpya, damu ikaonyesha sukari nyingi. Kwa kuwa hajui kuficha, akaja mwenyewe Alhamisi kumwambia mama wa mchumba wake.

"Mama, hicho ni kipimo kimoja tu," alisema Leodegar.

"Kimoja hakitoshi? Sukari ni sukari!"

"Kanisa lenyewe linatutangaza mara tatu, mama. Wewe umemhukumu mwenzangu kwa mara moja?"

Mama Auleria akavuta kigoda, akaketi. Eufrazia aliinamisha kichwa asije akaonekana anatabasamu. Jibu hilo lilimfurahisha mno.

"Sasa unataka nini?"

"Nimpime tena kesho asubuhi. Angekuwa na kiu isiyokatika, amekonda, anakojoa usiku kucha, kipimo kimoja kingetosha. Hana hata dalili moja. Mtu wa hivyo hupimwa tena siku nyingine, tena upesi. Si saa ile ile, wala si baada ya miezi mitatu. Halafu Jumanne alikuwa na jipu na homa, na alikuwa ametoka kunywa chai. Homa imekwisha. Kesho aje hajala kitu."

"Mpime, waitu, mwanangu. Ila ikijirudia, Jumamosi naenda kwa padri kumwambia ndoa hii haina baraka yangu."

Leodegar aliitikia kwa kichwa. Eufrazia alijua kwa nini: kijana yule hangeoa bila baraka ya mama yake.

Ijumaa alfajiri alifika zahanati na njaa yake. Leodegar alimchoma taratibu, akavuta damu, akaitia dawa, akaichemsha kwenye kichupa cha kioo, akasubiri. Eufrazia alitazama ile mikono. Haikutetemeka hata kidogo, na yeye alijua fika mwenye mikono ile alikuwa hajalala.

Kisha Leodegar akakiinua kichupa dirishani, akakitazama mara mbili.

"Sema, Leodegar."

"Imejirudia. Imepungua kidogo, lakini bado ipo juu. Ni kisukari, Eufrazia. Sasa tuna hakika."

Machozi yakamtoka. "Nani mwingine kaona?"

"Mimi na wewe."

"Basi andika nyingine. Nakuomba. Andika nimepona. Mama asome, Jumapili ipite, mambo mengine tutayajua wenyewe."

"Eufrazia..."

"Hunipendi?"

"Nakupenda mpaka naumwa!" Kwa mara ya kwanza sauti ikamkatika. "Lakini nikiandika kwamba u mzima, daktari atakupa dawa ya nini? Utavaa shela siku ya harusi, halafu sukari ikule macho, ikule miguu, mimi nakutazama? Afadhali nikukose ukiwa hai."

Eufrazia alilia mpaka kitambaa kikalowa. Hakuwahi kumpenda mtu namna ile. Alimtazama akiandika ile namba mbaya, tarakimu kwa tarakimu, na akaona fahari kuchumbiwa naye.

Jioni wakasimama wote wawili mbele ya Mama Auleria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Enhe?"

"Ipo, mama," alisema Leodegar. "Vipimo viwili, siku mbili. Daktari ameona, ameshampa dawa na utaratibu wa chakula. Akifuata, ataishi kama watu wengine."

Mama akamkazia macho. "Karatasi unaandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua nitakwenda kwa padri?"

"Nilijua."

"Ungeweza kunidanganya."

"Ningeweza."

Eufrazia akashindwa kunyamaza. "Nilimwomba akudanganye, mama. Nilimwomba kwa machozi. Akakataa."

Mama Auleria akaanza kutikisika mabega, Eufrazia akadhani ni hasira. Kumbe bibi wa watu anacheka, na huku analia.

"Yaani hata hilo unaniambia! Mie nimekaa na baba yake huyu miaka ishirini na nane, sikuwahi kuambiwa ukweli hata wa alikolala! Nyie mtaishije, hamjui hata kudanganya?" Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Sogea hapa, binti. Huyo daktari kakukataza nini?"

Jumapili padri akasoma tangazo la tatu. Mama Auleria alikuwa kiti cha mbele, midomo kaifunga, na hakuna aliyesimama kupinga.

Siku ya harusi shangazi mmoja kutoka Kinondoni alimjia bibi harusi na kipande kinene cha keki, anakielekeza mdomoni kwa vigelegele. Mama Auleria akaudaka ule mkono.

"Huyu hali keki."

"Jamani, harusi ni mara moja tu!"

"Nami mkwe ninaye mmoja tu," alisema Mama Auleria, akaila ile keki yeye.