Midomo ya Kazeni

Msawazarangi haukulala wala kulalamika. Kila asubuhi, picha za video zilipoingia Dodoma kutoka Mirihi mara nyingine zikiwa zimefifia kwa safari ndefu ya anga, mtambo huo ulizichambua nukta kwa nukta, ukarudisha wekundu wa mashavu na weupe wa meno, kisha ukazituma majumbani. Nyingi kati ya familia arobaini na moja za wachimbaji ziliwaona watu wao waking'aa utadhani wametoka harusini. Aliyeubuni ni Naetwe Mbonea, mhandisi mwenye maringo kidogo, na kwa kazi ile alikuwa na haki ya kuringa. Mumewe, Kazeni, alikuwa mmoja wa wachimbaji hao.

Asubuhi hiyo mama mkwe wake, Bi Namkunda, aliingia karakanani akiwa amekumbatia kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashine hii imenishinda. Kazeni ananitokea wa bluu."

Naetwe alicheka. Kompyuta za zamani zilipokea picha moja kwa moja, bila kupitia msawazarangi, na malalamiko ya namna hiyo yalikuwa yameanza wiki tatu nyuma. Alikwisha kutengeneza kumi na moja kwa kuziunganisha na mtambo wake. Juzi tu mteja wake wa kwanza, Mama Shangwe, alimletea mapera ya shukrani, na bakuli lilikuwa bado mezani.

"Kula pera, mama. Ni dakika tano tu."

Alicheza video ya mwaka jana. Rangi zilikuwa sawa. Akacheza ya juzi: Kazeni alikuwa na midomo ya zambarau, anacheka, anasimulia mara mbili kisa kilekile cha uji uliomwagika. Naetwe akabadilisha waya, akabadilisha skrini, akaiondoa programu ya kuchezea video na kuiweka upya. Ya mwaka jana ilibaki nzuri, na ya juzi ilibaki vilevile. Kama ubovu ungekuwa kwenye kompyuta, zote mbili zingeharibika. Akajiambia woga wake ni wa bure.

"Nahitaji kitu ninachoijua rangi yake," alisema. "Jicho hudanganya. Fundi hulinganisha."

"Si hicho hapo nyuma yake?"

Ukutani nyuma ya Kazeni ilitundikwa kanga nyekundu. Siku ya safari mama yake aliikata doti, kipande kimoja akampa mwanawe, kingine akabaki nacho. Ndicho alichofungia kompyuta.

Naetwe akakiweka ubavuni mwa skrini. Nyekundu ilifanana na nyekundu. Pindo jeusi lilifanana, na maandishi DUA YA MAMA HAINA UMBALI yalikuwa na weupe uleule. Kisha akaicheza video hiyohiyo kwenye kompyuta yake mwenyewe, yenye msawazarangi. Uso wa Kazeni ulikuwa wa kahawia, mzuri, lakini kanga nyuma yake ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa.

"Mama, kompyuta yako ni nzima."

"Basi kibovu ni nini?"

Naetwe aliogopa kulitamka. Alikuwa ameufundisha mtambo wake kwa picha za wachimbaji siku ya kuondoka, akauamuru urudishe kila uso katika hali ile. Nao ulitii. Wiki tatu hewa ya kituoni ilikuwa ikipungua kidogo kidogo, damu inakosa oksijeni, na mtambo unawapaka watu afya. Hata daktari wa kampuni aliwachunguza kwa video hizohizo. Wenyewe hawakujijua, maana aliyepungukiwa hewa huweza kuchangamka kama mlevi, na kipimo chao cha ukutani kilikuwa kikisema salama.

Alibonyeza kitufe cha dharura.

"Kazeni, vaeni barakoa! Fungueni mitungi ya akiba sasa hivi! Msikiamini kipimo!"

Ujumbe huchukua dakika kumi na nne kufika Mirihi, na kumi na nne kurudi. Bi Namkunda hakulia. Aliikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wewe ulikuwa ukimwona mzuri kila siku," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa nakuonea wivu."

Dakika ya thelathini na tano picha iliingia. Naetwe aliuzima msawazarangi kwenye kompyuta yake kwanza. Kazeni alikuwa wa bluu, barakoa mkononi, anahema. Lakini alikuwa hai.

"Tumefungua mitungi," alisema. "Vichwa vinatuuma. Wote tumeamka, isipokuwa Shangwe. Tulidhani amelala tu tangu jana. Naetwe, mwambie mama yake wewe. Polepole."

Bi Namkunda alipiga magoti na kuanza kumshukuru Mungu, kisha akanyamaza katikati ya dua, ameona aibu.

Naetwe alipiga simu. Ilipokewa papo hapo.

"Fundi wangu!" Mama Shangwe alisema kwa furaha. "Wala usihangaike kuniulizia, mama, kompyuta haina shida tena. Hapa nilipo namtazama mwanangu kwenye video ya juzi. Anang'aa kweli."