Bangili ya Baba Mkwe

Ti! Mlio huo mmoja ulimwamsha rafiki yangu Nontobeko nyumbani kwa wakwe zake, Nongoma, siku ya tatu baada ya kumzika baba mkwe. Ulitoka kwenye bangili ya mzee, ile ya kielektroniki inayowasha taa yake kwa joto la mkono wa mvaaji. Walimvua alipokata roho. Sasa ilikuwa inawaka gizani, juu ya mkeka mtupu.

“Kaizime,” mama mkwe alinong'ona.

“Haizimiki, Mama, mpaka aliyeivaa aivue.”

“Basi mwite! Si wewe ndiye kipenzi chake?”

Kwa miaka tisa ya ndoa Nontobeko hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe; kwa desturi yao ni mwiko kwa mke. Bangili iliinuka polepole hadi kimo cha mkono wa mtu, ikamsogelea.

“Mandlakayise?” Nontobeko alimwita.